Sikukukuta

Nurhan ameliandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji,
akalikata kwa kalamu nyekundu kama nyama ya mishikaki:
si / ku / ku / kuta.
"Ku ngapi hizi, mwalimu? Mnafuga kuku humu?"
Nikacheka. Miaka arobaini na moja nalisema neno hili
na sijawahi kuzihesabu.

Tuko kibarazani kwa Mhina, fundi baiskeli,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
saa kumi na moja jioni; grisi inanukia kuliko chai.
Yeye ni fundi umeme wa kiwanda, katokea Kayseri,
mkataba miezi kumi na minane.
Mimi mchana nasomesha Usagara, jioni namsomesha yeye,
na ananilipa kwa Kituruki: neno kwa neno, hakuna deni.

Ku ya kwanza, namwambia, ni jana iliyokanwa.
Ya pili ni wewe.
Ya tatu usiiguse, kitenzi kimezaliwa nayo.
Anaandika. Anachora mshale. Anafuta.
Kesho yake kaniletea sikukuu, kaichinja vilevile:
si / ku / ku / u.
"Hapa nani hakufanya nini?"
Mhina akaangusha spana.

Halafu zamu yangu.
Görüşemedik.
Nakaa nalo kama gia iliyofunguliwa juu ya gunia:
gör, kuona;
üş, ile -ana yetu ya kupendana na kupigana;
eme, kushindwa; di, imeshapita; k, sisi.
Nikifika kwenye sisi
nimeshasahau tulikuwa tunaona nini.
Yeye hulitema zima, kama kokwa ya zambarau,
wala hajui kama lina viungo.
"Ukilisema wewe," ananiambia,
"nasikia funguo zinagongana mfukoni."

Nikamuuliza Mhina, mnyororo una pingili ngapi.
Kijana wa miaka ishirini na mbili, hakuinua hata kichwa:
"Ukipanda, hauna. Ukikatika, mia na kumi na mbili,
na mpya ni elfu tisa."

Juni, simu ikalia saa nane usiku. Muheza, hospitali.
Nilipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jingine.

Mama alikuwa Mbondei. Kiswahili alikikuta ukubwani,
akakivaa kwa uangalifu, kama viatu vya kuazima.
Kila neno refu alitua katikati,
akipapasa kwa mguu ngazi inayofuata,
nasi wanawe tukimmalizia, tukimcheka,
sisi tulioteleza.

Nikasimama pale nikasema: sikuku
na neno likakatika.
Nikaanza upya, kama mgeni.
Si. Mimi, na hapana.
Ku. Jana, imefungwa.
Ku. Wewe, mama. Kumbe hapa ndipo ulipo,
silabi moja, nyembamba,
katikati ya pumzi yangu,
nami nimekupita humo mara elfu
mbio, kengele ikilia, bila kukuona.
Kuta.
Nne, nyeupe, za wodi.

Muuguzi alidhani nina kigugumizi. Alinivutia kiti.

Baada ya arobaini nikarudi Chumbageni.
Nurhan akabisha hodi na sahani imefunikwa kitambaa,
viatu vina vumbi la kiwanda.
"Nilikuja Jumanne sikukukuta,"
akasema, huku anatafuta pa kuweka sahani.
Pumzi moja. Hakuna mshale, hakuna kalamu nyekundu.
Hakujua kalisema.
Mimi ndiye niliyebaki mlangoni nikihesabu.

"Görüşemedik," nikamjibu.
Akaniangalia.
Sijui lilitoka zima au vipande.
Funguo zililia, lakini kwa mbali.